Kibarua Bila Barua

Neno "kibarua" twalitamka kila siku, lakini ni wachache wakumbukao asili yake. Maana yake ni barua ndogo. Zamani mtu aliyechukuliwa kwa kazi ya siku moja, au ya ngwe moja, alipewa kipande cha karatasi. Jioni alikipeleka kwa mshika fedha, akakitoa, akapewa ujira wake. Karatasi ile ilikuwa ndogo, ila ilikuwa na nguvu, kwa maana ilisema mambo mawili: kwamba fulani amefanya kazi, na kwamba fulani anadaiwa. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu aliyeishika, kisha likahamia kwenye kazi yenyewe. Leo jina limebaki na karatasi imepotea.

Twasema haya kwa sababu katika nchi ya Ruvu, kutoka Kisarawe mpaka Kibaha, Mlandizi na Kwala, wamezuka vibarua wa namna mpya. Hawa hawashiki jembe wala hawapandi lori alfajiri. Hukaa chumbani na kompyuta ya kuazima, au na simu tu, wakafanya kazi ya mtu ambaye hawajapata kumwona. Mmoja hutafsiri maandishi. Mwingine huandika kwa herufi maneno yaliyosemwa katika kanda. Wa tatu huchora nembo na matangazo ya biashara, wa nne hutunza hesabu za duka lililoko Dar es Salaam au ng'ambo ya bahari. Wengi wamesoma, na wengi wamemaliza chuo wakazunguka na vyeti vyao mpaka soli za viatu zikaisha.

Kazi hiyo ni kazi kamili, nasi hatuna neno la kuibeza. Mzee anayemwona kijana ameinamia simu tangu asubuhi hufikiri kwamba anacheza. Pengine kweli anacheza. Lakini pengine anatafuta ada ya mdogo wake. Jambo linalotusumbua ni malipo. Kila tukizungumza na vijana hawa twasikia malalamiko ya aina moja: kazi imekwisha, kazi imepokelewa, kazi inatumika, na fedha haikuja. Twapenda leo tulitazame jambo hili kwa utulivu, tujue ugomvi unazaliwa wapi, na nani awezaye kuuzuia.

Tuchukue mfano. Mwenye duka wa Kariakoo amwandikia kijana wa Mlandizi kwa simu: nitengenezee nembo na tangazo, nitakupa shilingi 150,000. Kijana ajibu: sawa, bosi. Maneno yameishia hapo. Baada ya siku tatu kijana apeleka kazi. Mwenye duka asema rangi haimpendezi. Kijana abadili. Mwenye duka asema shemeji yake ameona maandishi ni madogo. Kijana abadili tena. Mara ya saba kijana achoka, adai fedha yake. Mwenye duka ajibu kwamba hawezi kulipia kazi ambayo haijaisha. Baada ya mwezi mmoja kijana apita Kariakoo, aikuta nembo ile ile imebandikwa juu ya mlango.

Nani mwenye kosa? Kila msomaji wetu atasema ni mwenye duka, nasi twakubali kwamba aliyetundika nembo asiyoilipia amekula jasho la mtu. Lakini tuulize swali la pili. Kama shauri hili lingeletwa mbele ya wazee, wazee wangeshika nini? Hapakuandikwa kazi ni ipi. Hapakusemwa marekebisho ni mangapi. Haikutajwa siku ya kulipa. Hapakutolewa hata senti moja ya kuanzia. Mwenye duka angesema lake, kijana angesema lake, na wazee wangebaki kutazamana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho nalo ni mali.

Ugomvi wote wa malipo ya vibarua, wa zamani na wa sasa, hutoka katika mashina matatu. La kwanza ni kipimo: nani aamuaye kwamba kazi imekwisha? La pili ni wakati: fedha italipwa siku gani? La tatu ni mshika fedha: kati ya mwanzo wa kazi na mwisho wake, fedha iko mkononi mwa nani? Mahali ambapo mambo haya matatu yako wazi, watu hugombana mara chache. Mahali ambapo yote matatu yako mkononi mwa mwenye fedha peke yake, kibarua hulipwa kwa hisani, wala si kwa haki.

Nchi hii ya Uzaramo haikuanza leo kuyajua hayo. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya ya Dar es Salaam. Watu walilazimishwa kulima chini ya majumbe, na fedha ya mauzo ilipaswa kugawanywa kati ya wafanya kazi, majumbe, na chombo cha wilaya kilichouza pamba. Mlimaji hakushika mizani, hakuiona bei, wala hakujua hesabu. Baada ya mwaka wa kwanza, fungu la kila mfanya kazi lilikuwa kama senti 35. Wakakataa kuzipokea. Wale walikuwa watu maskini, na senti ni senti; hata hivyo waliona kwamba kuzipokea ni kukubali kuwa jasho la mwaka lina thamani ile. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Uzaramo nao uliingia. Sababu za vita zilikuwa nyingi, lakini pamba ile ilikuwa moja ya kubwa.

Baadaye, wakati wa Waingereza, kulikuwa na kipande katika mashamba ya mkonge. Mfanya kazi alipewa karatasi yenye nafasi za siku 30. Kila siku alipomaliza ngwe yake aliwekewa alama, na mshahara ulikuja karatasi ilipojaa. Nyapara ndiye aliyetazama kama ngwe imekwisha. Akisema haikwisha, siku ile haikuandikwa, na jasho lake likawa limemwagika bure. Basi karatasi ilikuwako, lakini kalamu ilikuwa ya mtu mmoja. Na hilo nalo ni funzo: maandishi ambayo upande mmoja pekee huyaandika na kuyafuta si mapatano.

Kisha ikaja Septemba 1947. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam, ambao wengi wao waliajiriwa kwa siku na kuachwa kwa siku, waligoma. Mgomo ukapanda na reli hata bara. Uamuzi uliotolewa baadaye uliwaongezea ujira. Hakuna kuli mmoja ambaye angeweza kupata jambo lile kwa kwenda peke yake ofisini na kofia mkononi. Walilipata kwa kuwa walikuwa wengi mahali pamoja, wakijuana kwa nyuso na kwa majina.

Sasa tuwatazame vibarua wetu wa leo. Hawa hawako mahali pamoja wala hawajuani. Wa Kisarawe hamjui wa Soga, na wote wawili hawamjui yule wa Manila au wa Nairobi anayeomba kazi ile ile kwa bei ya chini zaidi. Reli mpya inapita Pugu, Soga na Ruvu, na tangu Juni 2024 abiria wanasafiri kwayo kwenda Morogoro kwa kasi ambayo babu zetu wasingeisadiki. Lakini kazi ya kijana huyu haipiti relini. Inapita hewani, na ujira wake pia hupita hewani, tena kwa mikono mingi.

Yafaa wananchi waijue mikono hiyo. Kuna makampuni ya ng'ambo yanayokutanisha mwenye kazi na mfanya kazi kwa njia ya intaneti. Yaliyo mashuhuri ni Upwork na Fiverr. Jambo moja zuri wanalo, nasi tusilifiche: mwenye kazi hutakiwa kuweka fedha kwanza kama amana, kampuni ikaishika mpaka kazi iishe. Kwa kazi ya bei maalumu, Upwork humpa mwenye kazi siku 14 za kukagua. Akinyamaza, fedha hutoka. Fiverr huhesabu kazi kuwa imepokelewa baada ya siku tatu za kimya, kisha fedha hukaa kwa kawaida siku 14 kabla haijatolewa. Hapo kipimo, wakati na mshika fedha vyote vimetajwa. Mwenye duka wetu wa Kariakoo na kijana wetu wa Mlandizi wanalo la kujifunza.

Lakini ulinzi huo haupewi bure. Fiverr hukata asilimia 20 ya ujira wa mfanya kazi. Kazi ya dola 50 humletea 40, kabla ya ada ya kusafirisha fedha na kabla ya hasara ya kubadilisha dola kuwa shilingi. Upwork ilikata asilimia 10 tangu Mei 2023, na tangu Mei 2025 ikaweka ada inayobadilika kati ya 0 na 15. Na kwa kazi ya saa, mfanya kazi anayetaka ujira wake ulindwe hukubali kompyuta yake ipigwe picha ya kioo mara sita kwa kila saa. Nyapara wa mkonge alipita shambani akaondoka; nyapara huyu haondoki.

Halafu kuna mlango wa fedha yenyewe. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imeweza kutuma fedha, isiweze kupokea. Kijana aliyetaka kulipwa kwa njia hiyo alitafuta ndugu au rafiki Kenya au Ulaya, akalipwa kwa jina la mtu yule. Hapo ukazaliwa ugomvi wa pili, mchungu kuliko wa kwanza, kwa maana huu ni wa ndugu kwa ndugu. Mwenye akaunti husema fedha haijaingia. Au imeingia lakini alikuwa na shida. Au akaunti imefungwa. Na wako wengine waliofanya jambo hili biashara: hukodisha akaunti zenye sifa nzuri kwa vijana wasio nazo, wakachukua fungu la ujira bila kugusa kazi. Aliyekodi hawezi kudai kwa kampuni, kwa sababu mbele ya kampuni yeye hayupo. Twawaonya vijana wetu: kazi usiyoweza kusema kwamba ni yako, hata ujira wake hutaweza kusema kwamba ni wako.

Tusidhani kwamba dhuluma hukaa katika makampuni madogo tu. Jirani zetu wa Kenya wameyaona makubwa. Januari 2023 dunia ilisoma habari za wafanya kazi wa Nairobi waliochuja maandishi machafu ili mashine za kampuni ya OpenAI zifundishwe, kwa ujira uliokuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Machi 2024 Remotasks, tawi la kampuni ya Scale AI ya Marekani, liliwafungia mlango wafanya kazi wa Kenya. Watu waliolala wakiwa na kazi waliamka bila kazi. Tarehe 1 Mei 2023 wafanya kazi zaidi ya 150 wa uchujaji wa habari za mitandao walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba kampuni ya Meta yaweza kushitakiwa katika nchi hiyo, ijapokuwa makao yake yako Marekani. Basi waliotawanyika hewani wanaweza kukutana ardhini, na bwana aliye mbali anaweza kuitwa mahakamani.

Watu hutuuliza: hapa kwetu sheria yasemaje? Jibu ni kwamba sheria ipo zaidi ya vile wengi wadhanivyo.

Kwanza, mwajiri hawezi kumwita mtu "mkandarasi huru" akaponyoka kwa jina tu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, yataka hali yenyewe itazamwe. Ikiwa kazi yako inaongozwa na kusimamiwa na mtu mwingine, au saa zako anazipanga yeye, au unamtegemea yeye kwa riziki, au umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au anakupa vyombo vya kazi, sheria hukudhania kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vingine. Binti wa Kibaha anayejibu wateja wa duka la Dar es Salaam kila siku tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kwa mwaka mzima, huenda akawa mwajiriwa bila kujijua. Shauri lake laweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini akumbuke kwamba kwa migogoro isiyo ya kuachishwa kazi muda wa kufungua shauri ni siku 60, na kwa kuachishwa kazi isivyo halali ni siku 30. Wengi huchelewa kwa aibu, au kwa kungoja ahadi ya "wiki ijayo".

Pili, yule aliye huru kweli, afanyaye kazi kwa watu wengi, analindwa na Sheria ya Mikataba. Mapatano ya mdomo nayo yaweza kuwa mkataba. Shida yake ni ushahidi. Muda wa kudai deni la mkataba ni miaka sita, na deni la kawaida laweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, kwa kadiri ya kiasi kilichowekwa na sheria.

Tatu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mkataba uliofanywa kwa njia ya kielektroniki, na inaruhusu maandishi hayo kutolewa kama ushahidi. Maana yake ni kwamba ujumbe wa simu si upepo. Neno la mwenye duka kwamba "nitakulipa 150,000 ukimaliza" ni barua. Usiifute. Simu ikiharibika, iwe umekwisha kuihifadhi mahali pengine.

Nchi nyingine zimekwenda mbele zaidi. Jiji la New York, tangu Mei 2017, lina sheria inayomlazimisha mwenye kazi kuandika mkataba kwa kila kazi ya mfanya kazi huru inayofikia dola 800, na kulipa ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika kama siku nyingine haikutajwa. Anayekaidi kulipa aweza kuamriwa alipe mara mbili. Agosti 2024 sheria kama hiyo ilianza kutumika katika jimbo zima la New York. Na Juni 2025, huko Geneva, Mkutano wa Kazi wa Kimataifa ulikubaliana kwamba kazi za namna hii zitungiwe mkataba wa kimataifa. Wabunge wetu hawana sababu ya kungoja. Kanuni ya kwamba kila kazi iwe na maandishi na kila malipo yawe na tarehe haihitaji mtaalamu wa kutoka ng'ambo.

Lakini tusiwe watu wa kulaumu upande mmoja. Twawajua pia vibarua wanaochukua nusu ya fedha wakazima simu. Twawajua wanaokubali kazi tano kwa siku moja wakaharibu zote. Twawajua wanaochukua kazi ya mtu mwingine, au iliyotemwa na mashine kwa dakika mbili, wakaitoa kama jasho lao. Kila mmoja wa hao amwibia mwenye kazi mara moja, na awaibia wenzake mara nyingi, kwa kuwa mwenye kazi aliyetapeliwa na kijana wa Kisarawe hamwiti tena kijana wa Kisarawe. Ahadi ni deni kwa pande zote mbili.

Sasa twasemaje kwa vitendo? Kabla ya kazi kuanza, kibarua na aandike ujumbe mmoja mfupi, na mwenye kazi ajibu kwamba amekubali. Ujumbe huo useme kazi yenyewe ni nini, kwa idadi na kwa ukubwa. Marekebisho mangapi yamo katika bei, na la ziada litalipiwa kiasi gani. Siku ya kutoa kazi. Siku ya kulipa. Na kama kuna kodi ya zuio, ikatwe kwa kiasi gani na hati yake itolewe lini. Hili la kodi limegombanisha watu wengi bure, kwa sababu mmoja alitaja bei kabla ya makato na mwingine alisikia bei baada ya makato.

Fedha na itembee pamoja na kazi. Sehemu itangulie, tuseme theluthi moja. Sehemu ije katikati. Iliyobaki ilipwe kabla ya kazi kamili kukabidhiwa. Mchoraji aweza kuonyesha mchoro wenye alama juu yake, akabakiza ulio safi mpaka alipwe. Hilo si utovu wa adabu. Fundi cherehani hakupi suti uende nayo harusini kwa ahadi, na humwoni kuwa mkorofi. Tena kwa kazi kubwa, pande mbili zaweza kumwekea amana mtu wa tatu wanayemwamini wote, kama wafanyavyo wazee wetu katika mambo mengine.

Kisha vijana wakutane. Kibaha ni mji wenye historia ya elimu. Tangu mwaka 1963, mradi wa nchi za Kaskazini mwa Ulaya ulipoanza, watu wametoka mbali kuja kusoma hapa. Haifai mji kama huu uwe na vibarua wasomi waliotawanyika kama mbegu za pamba. Wawe na ushirika wao, uwe na jina, akaunti ya benki na daftari. Ushirika waweza kupokea fedha za ng'ambo bila kukodi jina la mtu. Waweza kuweka bei ya chini ambayo hakuna mwanachama atakayeishuka. Waweza kuandika orodha ya wasiolipa, ikasomwa na wote. Waweza hata kuomba mikopo ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi vya vijana na wanawake, wakanunua kompyuta za pamoja. Na vyama vya wafanyakazi visiwatazame watu hawa kama wageni kwa sababu hawana lango la kiwanda.

Tumebakiza neno moja, nalo ni gumu, kwa sababu latuhusu sisi wenyewe.

Kila ufikapo wakati wa mikutano na wa uchaguzi, wanachama wetu huwaita vijana hawa. Wachore mabango, wapige picha, wakate filamu fupi za simu, waandike hotuba. Hufanya kazi usiku kucha. Baada ya shangwe kupita, kijana akidai, huambiwa kwamba ile ilikuwa kazi ya kujitolea, au kwamba mhusika amesafiri. Kujitolea ni jambo tukufu, lakini mtu hujitolea mwenyewe. Hajitolewi na mwingine baada ya kazi kwisha. Kiongozi anayesema jukwaani juu ya haki ya mfanya kazi, huku ana deni la mchora bango lililo nyuma ya mgongo wake, bango lile lamshuhudia.

Wala gazeti hili halitaki kunyoosha kidole bila kujitazama. Habari nyingi msomazo kutoka wilayani huletwa na waandishi na wapiga picha wasio na mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa habari iliyochapishwa. Aipimaye habari ni mhariri, apangaye siku ya kulipa ni mhasibu, na mwandishi wa Kisarawe hungoja. Habari isiyochapishwa, hata kama alitembea kilomita thelathini kuifuata, hailipwi. Katika meza yetu wenyewe kipimo, wakati na fedha vimekaa upande mmoja, na wako waandishi waliongojea ujira mdogo kwa miezi. Hatuna udhuru. Twalisema hapa ili lisomwe, na kila atakayetuandikia tangu leo atapewa maandishi yenye bei na tarehe kabla hajafunga safari. Tukishindwa, ukurasa huu ukatwe na kuletwa mlangoni petu.

Dini zetu mbili kubwa zimetufundisha sote, wa msikitini na wa kanisani, kwamba ujira wa kibarua haufai kulala usiku mmoja kwa aliyemwajiri. Mafundisho hayo ni ya kale kuliko intaneti, na hayakuulizia kama kibarua alishika jembe au simu. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga. Nao walikuwa wakiwasema watu kama sisi.

Basi ewe mwenye kazi, kabla hujalala leo, tazama katika simu yako kama kuna kijana wa Ruvu uliyemwambia "wiki ijayo". Mlipe. Nawe kibarua, kesho ukiitwa kazini, usianze kwa kusema "sawa, bosi". Anza kwa kuandika barua ndogo.